Niuze duka la Luthuli nikasomee urubani?

Swali

Kapteni, salamu. Nina miaka 28 na nina duka dogo la vioo na betri za simu Luthuli Avenue, Nairobi. Nimeajiri fundi mmoja. Nikishalipa kodi na mshahara wake, hubaki na kama Sh 70,000 kwa mwezi. Nimelelewa Lang'ata, na tangu utotoni ndege za uwanja wa Wilson zinapita juu ya paa letu. Nataka kuwa rubani. Chuo kimoja kimenipa bei ya Sh milioni 4.6 mpaka leseni ya kibiashara, na kwamba saa moja hewani pamoja na mwalimu ni Sh 18,000. Nina akiba ya Sh 600,000. Kuna mtu anataka kununua duka, na baba yuko tayari kuuza ekari mbili Kitale. Mjomba ananiambia chelewa chelewa utampata mwana si wako, eti kazi hii huanzwa na watoto waliotoka shule jana. Lakini nimesoma habari za Koki Mutungi, na za Nzambi Matee aliyeacha kazi akaanza kutengeneza matofali ya plastiki. Wote walifuata mioyo yao. Je, nimechelewa? Niuze duka? Na nikimaliza, kazi nitapata?

Jibu

Binti yangu,

Nianze na mjomba wako, maana swali lake ndilo jepesi. Hujachelewa. Leseni ya urubani wa kibinafsi inatolewa kuanzia miaka 17, ya kibiashara miaka 18, na ile kubwa ya kuwa kapteni wa shirika la ndege miaka 21. Upande wa juu, ndege za abiria zenye marubani wawili unaruhusiwa kuzirusha mpaka ufike miaka 65. Hata ukimaliza masomo ukiwa na 33, una miaka 32 ya kazi mbele yako. Kuna mashirika yanayopendelea vijana, sikatai. Ila katika miaka yangu yote pale Wilson sijamsikia mtu akiuliza mwaka wa kuzaliwa wa rubani mwenye saa 1,000 na rekodi safi.

Umwambie pia habari za Beryl Markham. Alizaliwa 1902 na akaanza kujifunza kurusha ndege hapa Nairobi mwaka 1931, kwa hiyo alikuwa na umri kama wako. Miaka mitano baadaye, Septemba 1936, aliruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo, akakaa hewani zaidi ya saa 20, injini ikakosa mafuta, akatua pua chini kwenye kinamasi cha Nova Scotia na akatoka mzima. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Isiyosimuliwa sana ni kwamba kabla ya ndege alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio, kazi aliyoianza akiwa msichana. Na umaarufu ulipopoa, alirudi Kenya, akarudi kwa farasi, na farasi wake wakashinda mbio kubwa za Kenya Derby zaidi ya mara moja. Ukijumlisha miaka ya maisha yake, farasi walimlisha kuliko mabawa. (Ndiyo, alikuwa binti wa walowezi, na milango mingi ilikuwa wazi kwake kabla hajaigonga. Bibi zetu wakati huo hawakuwa na nafasi hata ya kusogelea kiti cha abiria. Lakini hesabu ya farasi inabaki vilevile.)

Sasa hao wawili uliowataja. Nawaheshimu wote, na kwa sababu hiyo sipendi hadithi zao zinavyokatwa vipande. Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1993, rubani wa kwanza wa kike wa shirika hilo, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 21. Tena alianza masomo hapo hapo Wilson na kuyamalizia Marekani, na baba yake alikuwa rubani. Simpunguzii chochote; kiti kile hupewi kwa sababu ya baba. Lakini mtoto aliyekulia nyumba ya rubani anajua mapema mambo ambayo wewe itabidi uyanunue: ni cheti gani kinatangulia, ni mtihani gani unaangusha watu, ni nani wa kumwuliza. Nzambi Matee naye aliacha kazi ya uchambuzi wa data mwaka 2017, na karakana yake ya kwanza ikawa uani kwa mama yake. Mwaka 2020 akapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya vijana wanaotunza mazingira. Miaka mitatu ya katikati, ya kuchanganya mchanga na plastiki na kutupa matofali yaliyopasuka, magazeti huivuka kwa sentensi moja.

Kila hadithi ya kufuata moyo niliyoichunguza kwa karibu ina uani wa mama mahali fulani: pahali ambapo mtu anaweza kukosea bila kudaiwa kodi. Uani wako ni hilo duka la Luthuli. Na wewe unataka kuliuza.

Usiliuze. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, na nitaeleza kwa nini kwa urefu, maana nadhani hujaonyeshwa pengo lilipo.

Ulipopewa bei ya milioni 4.6, ulionyeshwa njia inayoishia kwenye leseni ya kibiashara. Kwa kawaida leseni hiyo ni saa 200 za kurusha ndege, au 150 ukisoma kwa mpango mmoja ulioidhinishwa. Siku utakayoishika utapiga picha, mama atalia, na kesho yake utagundua kwamba nafasi za kazi zimeandikwa saa 500, saa 1,000, nyingine 1,500. Waajiri hawakufanya hivyo kwa roho mbaya. Kampuni ya bima ndiyo inayosema nani akae kiti gani, na mtalii aliyelipia safari ya Mara naye ana wakala anayeuliza maswali. Kati ya saa 200 na saa 1,000 kuna bonde, na katika bonde hilo ndimo nimewaona vijana wenye akili na wenye mapenzi ya kweli wakipotea. Hawakushindwa kuruka. Walishindwa kula.

Mimi nilikaa humo miezi 14. Nilipata leseni mwaka 1996, nikatembea na faili kutoka mlango mmoja wa Wilson hadi mwingine mpaka walinzi wakanijua kwa jina. Mwishowe kampuni moja ikanipa kazi ya kupima mizigo. Nilikuwa na mizani, kalamu, na karatasi ya orodha ya abiria. Nikapima mabegi ya watalii asubuhi, na mchana magunia ya watu wa misaada. Mshahara ulikuja ukitaka. Lakini nilikuwa ndani ya uzio. Siku moja rubani msaidizi wa ndege ya Caravan aliamka na malaria, mteja alikuwa amesisitiza marubani wawili, na meneja akatazama huku na huku, macho yake yakaniangukia mimi na mizani yangu. Nilikaa kiti cha kulia mpaka Lokichogio na kurudi. Baada ya hapo sikupima begi tena.

Loki, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ilikuwa dunia. Tangu 1989 misaada ya Umoja wa Mataifa ya kwenda kusini mwa Sudan ilipitia pale Turkana, na marubani wengi wa Kenya wa rika langu walijaza madaftari yao ya saa huko. Unashuka kwenye uwanja wa murram, unapita chini mara ya kwanza kufukuza ng'ombe, unazunguka, unatua. Amani ya Sudan ilipotiwa sahihi Januari 2005, kazi ikaanza kuhamia Juba, na Loki ikapoa kama jiko lililomwagiwa maji. Nakueleza haya ujue kwamba saa za mwanzo hazipatikani kwa kutuma barua tu. Huwa kuna mlango wa pembeni, na kila kizazi kina wake. Wangu ulikuwa mizani. Siku hizi mlango mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kuongeza idhini ya kuwa mwalimu wa urubani mara baada ya leseni ya kibiashara. Mwalimu anajaza saa huku mwanafunzi akilipia mafuta. Malipo ni madogo, lakini kalamu inaandika kwenye daftari lako kila siku.

Wewe katika bonde hilo ungekuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: duka linaloingiza 70,000. Mwenzako ataacha kazi ya ualimu wa saa tatu kwa wiki kwa sababu haimlipii nyumba. Wewe utaweza kuikubali. Nimekaa nikifikiria marubani ninaowajua waliovuka na waliobaki, na tofauti mara nyingi haikuwa kipaji. Ilikuwa nani aliweza kungoja.

Tena kazi yenyewe ikishapatikana si mwamba. Uwanja wa Wilson umepewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929 na kindege kimoja cha Gipsy Moth. Shirika lilikua vizuri, vita vikaja, ndege zikachukuliwa na jeshi, likafa. Hiyo ya zamani tuiache. Machi 2020 serikali ilifunga safari za nje, za ndani nazo zikasimama mpaka Julai. Barabarani hapa Nairobi watu walifungua buti za magari wakauza mayai, vitunguu, maparachichi. Mmoja wa wauzaji wale alikuwa kapteni mwenzangu, mistari minne begani, na alikuwa na mkopo wa nyumba. Jirani yake, rubani pia, mke wake alikuwa na duka la dawa Rongai. Huyo alikuwa anakuja kununua tu.

Sijasema biashara ni rahisi. Mimi mwenyewe mwaka 2014 niliingia kware. Unakumbuka kware? Mayai yalikuwa yanatibu kila kitu, kuanzia pumu mpaka umaskini. Nilijenga vizimba Kitengela, nikawa nafuga kwa simu kutoka Lamu na Lodwar, nikimpigia kijana kila nikitua. Kufikia mwisho wa mwaka bei ilikuwa imeanguka hata hoteli hazipokei bure, na kijana alikuwa anakula faida iliyobaki kwa kuichemsha. Niliingia kwenye kware kama wewe unavyotaka kuingia kwenye urubani: kwa pesa zote na bila kugusa ndege hata mmoja kwanza. Kosa langu halikuwa kupenda kuku wadogo.

Kwa hiyo gusa kwanza.

Hatua ya kwanza haina uhusiano na chuo. Nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, ukapimwe daraja la kwanza. Si daraja la pili, ingawa ndilo linalotosha kwa leseni ya kibinafsi. La kwanza, kwa sababu ndilo la kazi. Atapima macho, masikio, moyo kwa ile mashine ya waya, damu, mkojo. Kisha atafungua kitabu cha vidoti vya rangi, na ndani ya vidoti kuna namba. Unasoma: 12, 8, 29. Kijana mmoja niliyemfahamu alikuwa amemaliza saa 60, shamba la babu limeshauzwa, ndipo akakaa mbele ya kile kitabu na kwenye ukurasa wa tatu hakuona namba yoyote. Alikuwa haoni tofauti ya nyekundu na kijani na hakuwahi kujua. Taa za uwanja wa ndege na za mabawa ni nyekundu na kijani. Miwani haina shida, ukiona sawasawa ukiivaa. Ila kama kuna jambo lingine mwilini mwako linalozuia, ulijue kwa bei ya kipimo kabla ya bei ya ekari mbili.

Ukipata cheti, lipia saa moja tu. Sh 18,000, kama walivyokuambia. Omba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nitakuambia sababu. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi tayari, na jua likiichemsha mchana inakuwa nyepesi zaidi. Kindege cha injini moja kinakokota barabara ndefu kabla ya kunyanyuka, na kikinyanyuka kinapanda kwa kusuasua. Asubuhi kinaruka kama ndege. Halafu duka lako linafunguliwa saa ngapi? Saa tatu? Saa mbili utakuwa umeshatua na unangoja matatu pale Lang'ata Road.

Usiende kuangalia mandhari. Mbuga iko hapo, twiga utawaona, sawa. Nenda uangalie nusu saa ya kabla ya kuruka. Mwalimu atakupa kikombe kidogo cha plastiki chenye kipini katikati. Utainama chini ya bawa, utasukuma kipini kwenye tundu la tangi, mafuta yatachuruzika ndani ya kikombe. Utainua kikombe kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi ndogo yana rangi ya buluu iliyopauka, na unatafuta tone la maji lililokaa chini, maana maji ni mazito kuliko mafuta na injini haiendi kwa maji. Utafanya hivyo bawa la kushoto, utafanya la kulia, utafanya chini ya injini. Mikono itanuka mafuta siku nzima. Utapanda ngazi kuchungulia tangi kwa kijiti, hata kama kipimo cha ndani kinasema limejaa. Utapitisha kiganja kwenye ukingo wa pangaboi ukitafuta mkwaruzo wa kokoto. Kisha karatasi: uzito wako, wa mwalimu, wa mafuta, jumla, je, tumezidi?

Hii ndiyo kazi. Sehemu ya mawingu ni ndogo. Ikiwa katika nusu saa hiyo utajikuta unatazama saa ukingoja kuruka, basi unapenda kupaa, na hilo ni jambo zuri la kufanya kwa pesa za ziada mara mbili kwa mwaka. Ikiwa utajikuta umesahau baridi na unataka kurudia tangi la kushoto kwa sababu hukuridhika, tuongee zaidi.

Nami nina dhana kuhusu wewe. Mtu anayefungua simu, akapanga skurubu zake ndogo kwenye sumaku kwa utaratibu zilivyotoka, kwa sababu moja ikizidi urefu inatoboa ubao, ana tabia tunayoitafuta. Ndiyo maana sitaki usome aya hii kwa hasira: je, umefikiria ufundi wa ndege? Mifumo ya umeme na mawasiliano ya ndege ni ndugu wa kile unachofanya. Chuo cha Usafiri wa Ndege cha Afrika Mashariki pale Embakasi kinafundisha, na Technical University of Kenya ina uhandisi wa ndege. Gharama haifiki hata karibu na milioni 4.6, na fundi mwenye leseni hatembei na faili mlango kwa mlango. Wapo marubani walioanzia gereji. Kama jibu lako la haraka ni "hapana, mimi nataka kurusha", vizuri, nimekusikia. Kuna watu nimewauliza hivyo wakanyamaza, na kunyamaza kule kukawa jibu.

Basi tuseme umerudi kutoka tangi la kushoto na bado unataka. Pesa zipangwe vipi?

Usianze kuruka mara moja. Anza na vitabu. Mitihani ya nadharia, yaani sheria za anga, hali ya hewa, kutafuta njia, namna ndege inavyoelea, mwili wa binadamu hewani, haihitaji ndege wala kufunga duka. Soma usiku, fanya mitihani ya leseni ya kibinafsi, faulu yote. Wakati huo unaweka akiba. Hapa kuna jambo ambalo vyuo hawakuambii kwa kuwa hawapati hasara: haba na haba hujaza kibaba, lakini si kwenye urubani. Ukiruka saa mbili kwa mwezi kila pesa ikipatikana, kila mara utatumia nusu ya kwanza kukumbuka ulichosahau, na utamaliza ukiwa umelipia saa 80 kwa kitu cha saa 50. Weka pesa pamoja, kisha ruka mara tatu au nne kwa wiki, asubuhi, kwa miezi mitatu au minne mfululizo.

Sheria inasema leseni ya kibinafsi ni saa 40 angalau. Wengi hawamalizi kwa 40, panga 55. Kwa bei uliyopewa, 55 ni Sh 990,000. Akiba yako ya 600,000 inanunua saa 33. Ukiweka 40,000 kwa mwezi kutoka dukani kwa mwaka mmoja, huku ukisoma, una 480,000 zaidi, na jumla ni 1,080,000. Leseni ya kibinafsi imelipwa, daktari na mitihani vimepata chao kidogo, duka lipo, ekari zipo. Utakuwa na miaka 29 au 30. Hapo simama uangalie. Hapo ndipo pa kuamua kuhusu zile saa nyingine 145 na idhini ya injini mbili na ya kuruka kwa vyombo mawinguni. Utaamua ukiwa rubani, si shabiki.

Kuhusu kulipa. Kabla hujatoa shilingi, uliza maswali haya na uandikiwe majibu: bei hii ina saa ngapi hasa, na saa ya ziada ni kiasi gani? Mafuta yakipanda nani anabeba? Ada za mitihani, za kutua, za kukagua leseni, zimo? Ndege zinazoruka leo, si zile zilizo kwenye picha, ni ngapi? Na usilipe kwa mkupuo hata kama watakupa punguzo la kukutoa mate. Mpwa wangu alilipa milioni moja na nusu mara moja mahali ambapo sitapataja. Walikuwa na ndege tatu. Moja ikawa inangoja injini, ya pili ikatoboka gurudumu la mbele na kukunja pangaboi, ya tatu ikawa na wanafunzi 20 wanaoigombania. Baada ya miezi tisa alikuwa na saa 11. Pesa hazikurudi, alirudishiwa maneno. Lipa saa kumi kumi. Chuo kinachokataa saa kumi kumi kimeshakujibu.

Nyongeza moja kwa mfanyabiashara. Tangu 2020 Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani, droni, na zina leseni yake ya mrushaji. Mtu anayejua kufungua ubao wa simu na kubadilisha betri tayari yuko nusu ya njia ya kuzitengeneza. Sisemi uache moja kwa ajili ya nyingine. Nasema kaunta yako ina nafasi ya kibao kimoja zaidi, na wapima ardhi na wapiga picha za harusi wanaziangusha kila wiki.

Swali lako la tatu, kama kazi utapata, nimelijibu vipande vipande lakini ngoja nilijibu wazi sasa: sijui mtu yeyote mwaminifu anayeweza kukuahidi. Nafasi huja kwa mawimbi. Shirika likinunua ndege, marubani wa Wilson wanahamia uwanja mkubwa wa Embakasi, na viti vya Wilson vinabaki wazi kwa wenye saa chache. Shirika likiyumba, wanarudi na saa zao 5,000 kugombea Caravan na nyinyi. Huwezi kupanga wimbi. Unaweza kuwa ndani ya uzio, leseni hai, cheti cha daktari hai, kodi ya nyumba imelipwa, siku litakapokuja. Kuwa mwanamke? Wapo wengi sasa kuliko wakati wangu, na bado utakutana na abiria atakayekuuliza chai iko wapi. Mpe mkanda wa kiti.

Baba yako ni mtu mwema, na hilo ni gumu zaidi kulikataa kuliko mnunuzi wa duka. Usimwambie "sitaki pesa zako". Mwambie Kitale ni nchi ya mahindi. Zile ekari azikodishe msimu huu, na kodi yake ikitosha alipie mitihani yako ya nadharia. Atakuwa ameshika mkono wako na shamba bado litakuwa kwa jina lake. Mnunuzi wa duka mpigie leo, kabla hajatuma pesa ya kushika nafasi ukaona haya kuirudisha.

Daktari wiki hii, ukiweza. Na siku ya ile saa moja, vaa viatu vya kufunga kamba na sweta, maana saa kumi na mbili na nusu Wilson ina baridi inayopenya, na usile maandazi mengi kabla ya kupanda.